Chumba cha kazi kinanuka uvundo: cha kufanya kabla ya kununua kisafisha hewa, na kipi cha kununua

Masika yakianza, swali ninaloulizwa na wenzangu wanaofanya kazi nyumbani huwa lilelile: chumba kinanuka uvundo, mafaili yamelegea kwa unyevu, pua zimeziba hata kabla ya saa nne asubuhi, sasa ninunue mashine gani? Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia. Pesa ya kwanza nunua kipima unyevu. Ya pili mlipe fundi. Ya tatu ndiyo iende kwenye kisafisha hewa. Ukipindua mpangilio huo utapata mashine nzuri ndani ya chumba ambacho bado kinanuka.

Uvundo ni kazi ya kuvu, iwe unaiona au imejificha nyuma ya kabati. Kuvu hurusha hewani vitu viwili visivyofanana. Kuna mbegu zake ndogo sana, nyingi zikiwa na ukubwa wa mikromita 2 hadi 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo ndizo zinazotupigisha chafya na kuwasumbua wenye pumu. Halafu kuna gesi, na hizo gesi ndizo harufu yenyewe. Mashine nzuri inaweza kupunguza vyote viwili, ila kuvu iliyoota kwenye plasta haiigusi kabisa. Kuendesha kisafisha hewa huku ukuta umelowa ni kama kupiga deki huku bomba linavuja.

Chumba changu kiko nyuma ya nyumba, Mikocheni jijini Dar es Salaam, na ukuta wake mmoja unapakana na bafu. Kipima unyevu, kile kidogo cha betri kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, kilinionyesha asilimia 78 pale kwenye meza yangu wakati sebuleni kilisoma 66. Tofauti hiyo ndiyo habari muhimu. Kama nyumba nzima ina unyevu sawa, basi ni hali ya hewa ya pwani tu. Chumba kimoja kikizidi vingine vyote, kuna maji yanayoingia humo kutoka mahali fulani. Shabaha ni kukaa chini ya asilimia 60, na ukiweza kushuka hadi 50 kuvu inakosa nafasi.

Kujua maji yanatoka wapi kuna jaribio ambalo halina gharama. Kata kipande cha nailoni kama ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne hadi hewa isipite, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, ni mvuke wa hewa unaogeuka maji kwenye ukuta wa baridi. Kwangu yalikuwa ya nyuma. Fundi bomba alipotoa vigae viwili bafuni akakuta maungio ya bomba la maji moto yanatiririsha polepole. Kwa wengine itakuwa gata lililoziba, udongo wa bustani uliorundikwa juu ya msingi, au nyumba iliyojengwa bila kizuizi cha unyevu kati ya msingi na tofali, jambo ambalo utalitambua kwa ile chumvi nyeupe inayotokeza ukutani karibu na sakafu na rangi inayobambuka.

Baada ya kuziba chanzo, subiri ukuta ukauke, na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Wauzaji wa rangi watakuambia kuna rangi ya kuzuia maji inayomaliza kila kitu. Usiipake kwenye ukuta ambao bado una maji ndani. Utayafungia humo nayo yatatafuta njia nyingine ya kutokea, mara nyingi juu kidogo ya hapo ulipopaka. Wenye nyumba za kale Zanzibar wanalijua hili vizuri. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, na zikipigwa plasta ya saruji hushindwa kupumua, zikaanza kuoza kwa ndani. Nyumba ya aina hiyo inataka chokaa, na inataka fundi anayeijua chokaa.

Kuvu iliyo juu ya mbao au vigae isafishe kwa maji ya sabuni, umevaa barakoa na glavu, dirisha likiwa wazi. Jipsamu, mazulia na maboksi yaliyoota kuvu hadi ndani hayasafishiki, yatoe nje. Tafadhali usichanganye jiki na siki wala na dawa yoyote ya kusafishia yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na ndani ya chumba kidogo unaweza kumdhuru mtu vibaya. Kabati la vitabu lisogeze mbali na ukuta angalau shubiri moja ili hewa ipite.

Kufungua madirisha kuna wakati wake pia. Wengi wetu tumelelewa kufungua alfajiri, lakini kipindi cha mvua hewa ya alfajiri ndiyo yenye unyevu mwingi kuliko ya saa nane mchana. Fungua jua likiwa juu, upepo ukivuma. Ukiwa na kiyoyozi, kiweke kwenye hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji, na usafishe chujio lake, maana kiyoyozi kichafu nacho huota kuvu na kuipuliza usoni kwako. Bila kiyoyozi, mashine ya kuondoa unyevu ndiyo itakusaidia kuliko kisafisha hewa. Chagua yenye kompresa. Zile ndogo za kuweka mezani, zisizo na kompresa, huvuta maji kiasi cha kikombe kwa siku, na Dar es Salaam ya mwezi wa nne haiwezi kukaushwa na kikombe.

Sasa tuje kwenye kisafisha hewa. Nakipenda na ninacho, kwa sababu hata baada ya ukuta kukauka vumbi la mbegu za kuvu hubaki kwenye vitabu na mapazia, na jirani bado anachoma taka.

Kitu cha kwanza kuangalia ni chujio. Tafuta neno HEPA likiwa na daraja lake. Kwa kipimo cha Marekani chujio la HEPA linatakiwa kunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, ambazo ndizo ngumu zaidi kunaswa. Kwa kipimo cha Ulaya daraja la H13 hunasa asilimia 99.95. Mbegu ya kuvu ni kubwa mara kadhaa kuliko chembe hizo, kwa hiyo haipiti. Boksi likiandikwa "aina ya HEPA" au "mithili ya HEPA" bila daraja, liache dukani.

Lakini HEPA hainasi gesi, na harufu ni gesi. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopunjwa. Harufu inanaswa na mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa uwe na vitundu vidogo vingi, na mkaa mwingi bora wa kazi hiyo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, ambavyo sisi wa pwani tunavijua vizuri. Mashine za bei ya chini huwa na kitambaa chembamba kilichonyunyiziwa unga wa mkaa. Hicho hushiba haraka na harufu ikarudi. Mwombe muuzaji alitoe chujio ulishike mkononi: unataka kuona punje za mkaa, uzisikie zikicheza ukilitikisa, na uzito uuhisi. Gramu mia kadhaa ni mwanzo mzuri, kilo ni bora zaidi. Jambo jingine ambalo halisemwi dukani ni kwamba mvuke wa maji nao hukalia vile vitundu vya mkaa, hivyo katika chumba chenye unyevu mkali mkaa hufanya kazi kidogo. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na ukuta.

Cha tatu ni nguvu ya mashine kulingana na chumba. Tafuta namba inayoitwa CADR, yaani hewa safi inayotolewa kwa saa. Pima chumba chako: changu ni mita 4 kwa 3, dari ikiwa mita 3, hivyo mita za ujazo 36. Zidisha kwa 5 ili hewa yote ichujwe mara 5 kwa saa, unapata 180. Hiyo ndiyo CADR ya chini kabisa ninayoitaka, kwa mita za ujazo kwa saa. Namba ikiwa kwa futi za ujazo kwa dakika, izidishe kwa 1.7. Usihadaike na maneno kama "inafaa mita za mraba 60", kwani mara nyingi hesabu hiyo imefanywa kwa hewa kuchujwa mara moja au mbili tu kwa saa. Tena CADR hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu, ambayo hakuna atakayeivumilia akiwa kwenye kikao cha mtandaoni. Mimi nilichagua yenye CADR karibu mara mbili ya hitaji, nikaiacha kwenye kasi ya kati, na sauti yake haiingii kwenye maikrofoni.

Mashine inayojisifu kwa kutoa gesi ya ozoni usiinunue kwa bei yoyote. Ozoni inachoma mapafu, na kwa kiwango kisicho na madhara kwa mtu haisaidii kitu dhidi ya harufu. Ikiwa mashine ina kitufe cha ayoni (chaji za umeme zinazorushwa hewani, ambazo huweza kuzalisha ozoni), hakikisha kinazimika.

Ndugu akikuletea mashine kutoka Marekani, soma kibandiko chake kwanza: nyingi ni za volti 120, nasi tunatumia 230. Kutoka Dubai au Muscat huwa salama kwa umeme wetu. Kabla ya kulipa popote, uliza chujio la kubadilisha lipo na linauzwa bei gani, kwa sababu chujio la HEPA hudumu takriban miezi 6 hadi 12, mkaa pungufu ya hapo, na HEPA ya karatasi haifuliwi. Umeme wake si wa kutisha: wati 40 kwa saa 10 ni uniti 0.4, chini ya uniti 10 kwa siku zote za kazi za mwezi.

Wanaoniuliza kuhusu mimea ya ndani nawaambia waipande kwa uzuri wake. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa tafiti za nyuma ulionyesha ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ilingane na hewa inayopita kawaida kwenye jengo, na udongo wa chungu unaongeza unyevu. Udi nao naupenda sana, ila moshi wake ni chembe na gesi zaidi, nao unashibisha mkaa mapema. Uchome sebuleni.

Ukishaiwasha mashine, iweke mbali na kona, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, kisha ufungue kila baada ya muda, kwani hakuna chujio la aina hii linaloondoa hewa ya ukaa tunayotoa tukipumua. Na ili kujua kama tatizo limekwisha kweli, izime Ijumaa jioni, funga chumba, na Jumatatu ingia moja kwa moja ukitoka nje, kabla pua haijazoea. Harufu ikiwa imerudi, chukua tena kile kipande cha nailoni ukipime ukuta unaofuata.