Ushirikiano juu, kuripoti makosa chini: majibu ya NICU yenu hayapingani

Mleta uzi, umesema dodoso la usalama wa wagonjwa lililopita NICU kwenu (wodi ya watoto wachanga mahututi) limetoa alama nzuri kwenye ushirikiano wa wodini, lakini kwenye kuripoti makosa mmeanguka vibaya, na uongozi unadai wauguzi mmejaza ovyo. Nimekaa wodi ya watoto wachanga miaka kadhaa, naomba nikutetee kidogo.

Hamkujaza ovyo. Dodoso lile la AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia utafiti na ubora wa huduma za afya, lililotoka 2004 na kuzunguka nchi nyingi, mara nyingi huleta sura hiyohiyo: kazi ya pamoja ndani ya wodi juu, woga wa kuadhibiwa na uhaba wa watumishi vinavuta chini. Na kwa nilivyoona mimi, ushirikiano huo na kutoripoti makosa vinalishana. Mkiwa wauguzi wawili usiku, watoto njiti wamelala wawiliwawili kwenye kitanda kimoja cha joto, mnashikana kama ndugu. Mwenzako akikosea, unamsaidia kurekebisha kimyakimya. Nani amwandikie fomu dada aliyekushikia zamu ulipofiwa? Hasa mkijua fomu hiyo ikifika juu inageuka barua ya kujieleza, na hapo mtu anaanza kuiwazia leseni yake.

Chukua gentamaisini, antibayotiki ya sindano. Ampuli nyingi tunazopata ni miligramu 80 kwenye mililita 2, dozi ya mtu mzima. Mtoto wa kilo moja anahitaji miligramu 3 hadi 5 kutegemea mwongozo mnaoufuata, yaani mililita 0.075 hadi 0.125 ya dawa ile. Huwezi kuivuta kwa uhakika bila kuizimua kwanza. Nukta ya desimali ikihama hatua moja tu, mtoto kapata dozi mara kumi. Dawa hii inaumiza figo na masikio, na kiziwi wa wiki mbili hakuna anayemgundua wodini kwa macho. Kwa hiyo kosa linapita, daftari la matukio linabaki jeupe, na kwenye kikao cha mwezi tunapongezwa kwa weupe huo. Mimi daftari tupu la wodi iliyojaa linanitisha kuliko lenye maandishi.

Halafu kuna suala la nani anaweza kumwambia nani. Njiti aliye kwenye oksijeni tunataka kiwango cha oksijeni kwenye damu yake kisome kati ya asilimia 90 na 95, kwa sababu oksijeni ikizidi inaharibu macho yake. Nimeshuhudia muuguzi mgeni akitazama 100 kwenye mashine saa nzima bila kugusa kitu, kwa kuwa daktari ndiye aliyeweka kiwango, na mara ya mwisho kumpigia usiku alijibiwa, "Sista, umeniamsha kwa hili?" Kujua alijua vizuri tu. Huyo ukimpa dodoso linalouliza kama watumishi wanasema bila woga wanapoona hatari, unategemea aweke tiki wapi?

Tena inategemea nani anakusanya karatasi. Kwetu mwaka mmoja matroni alizipitisha mwenyewe na kuzisubiri pale mezani. Watu walichora "nakubali" kuanzia juu hadi chini. Aliyefuata akaweka boksi lenye kufuli, na wodi ikaonekana imeoza ghafla!

Kilichotusaidia hakikuwa semina (mabango ya 17 Septemba, Siku ya Usalama wa Wagonjwa Duniani, nayo yalipendeza, basi). Inchaji mpya, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, alianza kutusomea makosa yaliyonaswa kabla hayajamfikia mtoto, bila majina, dakika chache wakati wa kukabidhiana zamu. Swali lake lilikuwa moja: ni nini kilichorahisisha kosa hili? Tukabandika jedwali la kuzimua dawa juu ya meza, na kila sindano ya gentamaisini ikahesabiwa na watu wawili. Ripoti zikaongezeka, uongozi ukashtuka, akawa na kazi ya kuwaeleza kwamba makosa yalikuwepo siku zote. Bahati mbaya mzunguko wa wodi ukawahamishia OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje) nusu ya waliokwisha kuuzoea utaratibu huo, tukaanza kufundisha upya.

Kwa hiyo mkuu, usibishane nao juu ya wastani. Omba majibu yatenganishwe: viongozi peke yao, madaktari peke yao, na wauguzi wa zamu za usiku peke yao, ila kundi likiwa na watu wawili watatu yaunganishwe na jingine wasije wakajulikana. Mara nyingi viongozi ndio wanaoiona wodi salama zaidi. Ukiona pengo hilo, peleka hilo kwenye kikao.