Lami ya uwanja imepasuka kama ngozi ya mamba: niongeze inchi ngapi?

SWALI

Mhandisi, habari za kazi. Nina mashine ya kukoboa mpunga nje kidogo ya mji wa Nzega, chini ya kilima cha mawe. Mwaka jana kabla ya mvua niliweka lami uwanja wa mbele, mita 40 kwa 25, ili vumbi lisiingie kwenye mchele. Fundi alisema chini ni mwamba, hakuna haja ya kifusi, akasawazisha na kumwaga. Masika moja tu, uwanja umepasuka kama ngozi ya mamba na kokoto zinang'oka. Sasa anasema jua la huku limeikausha lami, kwa hiyo inyweshwe oili chafu kwanza, halafu tuongeze lami juu. Kona moja ameshaimwagia oili kwa majaribio. Fuso zinaingia kila siku, semi mara mojamoja wakati wa mavuno. Niongeze inchi ngapi, na oili lita ngapi?
Msomaji, Nzega

JIBU

Oili, sifuri. Lami ya juu nayo sifuri, mpaka ujue kilichopo chini.

Ndugu yangu, swali hili hunijia kila kiangazi kutoka Igunga, Sikonge, Kaliua, na kila mara anayeshtakiwa ni jua. Sisemi jua halina kosa kabisa. Lami ikikaa juani na hewani huzeeka, ikakakamaa na kuvunjika kirahisi. Lakini hayo ni mambo ya miaka, si ya masika moja, na yakitokea yanaonekana uwanja mzima, hadi pembezoni ambako gari halifiki. Toka nje uangalie wa kwako. Nyufa zikiwa zimejikusanya kwenye njia za matairi na pale Fuso zinaposimama kushusha magunia, huku kona zisizokanyagwa ziko nzima, basi jua umelisingizia. Linawaka sawasawa kote. Kilichotofautiana ni mzigo. Ngozi ya mamba maana yake ardhi iliyo chini inanesa. Lami inabonyea kila tairi likipita, inarudi, inabonyea tena, mpaka inachoka na kukatika.

Chukua sururu. Kata dirisha la futi moja kwa moja pale palipoharibika zaidi, na jingine pale palipo pazima. Sitashangaa ukikuta lami ya sentimita mbili, chini yake vumbi lililoganda, kisha mchanga uliokaa kwenye mabonde madogo ya jiwe. Chukua mchanga huo mkononi. Kama bado una unyevu wakati majani yote ya Nzega yameshakauka, umeshampata mhalifu.

Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, kwenye hii hadithi ya "chini ni mwamba". Mwamba mgumu ndiyo, lakini haunywi maji. Mvua ikipiga kilima cha granaiti, karibu yote inateremka, na inayopenya kwenye mchanga inatambaa juu ya jiwe lililofichika mpaka ipate pa kutokea. Kwako imetokea chini ya lami. Piga hesabu: ekari moja ya mawe ni kama mita za mraba 4,000. Mvua ya milimita 40, ambayo huku inaweza kushuka alasiri moja, inakupa lita 160,000. Hayo ni mapipa 800 yanayoshuka kuelekea mashine yako, na fundi hakukuchimbia hata mfereji. Watu wanasema Nzega ni kukavu, mitaro ya nini? Mvua ni chache, kweli, ukilinganisha na Kigoma. Lakini kati ya Novemba na Aprili haiji kwa kunyunyiza.

Halafu mwamba haulali sawa. Hapa umechomoza, hatua mbili mbele umezama nusu mita na kujaa mchanga. Lami nyembamba ikilazwa juu ya vitu viwili vya namna hiyo, Fuso ikipita upande mmoja unatulia na mwingine unazama, na ufa unafuata mpaka wa jiwe kana kwamba umechorwa kwa rula. Ndiyo sababu hata penye mwamba tunaweka tabaka la moramu la kusawazisha, tena lililoshindiliwa. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999, ambao ndio tunaoutumia kusanifu tabaka za barabara, unaanza na udongo: unaupanga kwenye madaraja S3, S7 na S15 (namba ikiwa kubwa, udongo una nguvu zaidi) kwa kipimo cha CBR, yaani uwezo wa udongo kubeba mzigo, na kutoka hapo ndipo unene wa kila tabaka unapatikana. Swali la inchi za lami linakuja mwisho. Fundi wako ameanza nalo.

Na kama lami yako kweli imekauka mapema, ningemuuliza fundi aliichemshaje. Naijua picha: pipa juu ya mafiga, kuni za miombo, moshi wa buluu, hakuna kipimajoto. Lami ya 60/70, namba hizo zikiwa daraja la ugumu wake, inatakiwa kuchanganywa na kokoto ikiwa na nyuzi kama 150 hadi 165. Ikipita 175 au 180 na kukaa hapo, mafuta mepesi yanaondoka nayo inazeeka ndani ya pipa, kabla haijaona jua. Ukiichota kwa kijiti na kuivuta, badala ya kutoa uzi mrefu inakatika. Unauziwa lami kikongwe, halafu lawama unapewa wewe unayeishi kwenye joto.

Sasa hiyo oili. Oili chafu haiirudishii lami ujana, inaiyeyusha. Uso wa lami nyeusi mchana wa Oktoba unafika nyuzi 60, na lami ya 60/70 yenyewe huanza kulainika kwenye 50 na kidogo. Ukiitia oili unazidi kushusha kiwango hicho. Wiki ya kwanza uwanja unang'aa, mwenye mali anafurahi, fundi analipwa. Wiki ya tatu unatoka jasho, unanata kwenye matairi na kwenye kandambili za wabebaji, na kokoto zinaogelea. Na oili yenyewe ina masizi na mabaki ya metali za injini; mvua ikija yote yanashuka kisimani au lamboni. Wewe unakoboa chakula cha watu hapo.

Kuhusu kokoto zinazong'oka, okota kumi uzigeuze. Kama tumbo la kokoto ni jeupe, safi kama halijawahi kuguswa na lami, maji yameibandua. Granaiti ina tabia hiyo: inapenda maji kuliko lami. Tiba yake inajulikana, ni chokaa iliyozimwa, asilimia moja hadi mbili ya uzito wa kokoto, au dawa maalumu ya kushikisha. Kama tumbo lina unga wa kijivu, basi zilimwagwa na vumbi lake. Zile kokoto zinazopondwa kwa nyundo kando ya barabara si mbaya, akina mama wale wanafanya kazi ya maana, ila zinakuja na vumbi na saizi zimechanganyika, na baadhi ni jiwe lililooza linalomeguka kwa vidole. Zichekechwe, zioshwe, zikauke kabisa. Kabla ya kununua lori zima, pakaza chache lami ya moto, zikipoa zitumbukize kwenye chupa ya maji, zilale siku nzima. Zikitoka na mabaka meupe, hazifai bila chokaa.

Kwa uwanja wako ningeanza mbali na lami. Mfereji wa kukinga maji uchimbwe kati ya kilima na uwanja, kina chake kishuke chini ya tabaka utakazojenga, na uwe na pa kumwaga maji, si kuyahamishia kwa jirani. Kama unayatoa kuelekea barabara kuu, kawaone TANROADS mkoa kwanza, au TARURA kama ni barabara ya wilaya. Hifadhi ya barabara si ya kuchimba kiholela. Kisha ng'oa palipopasuka, chimba mpaka uondoe mchanga wenye maji, jaza moramu nzuri kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila moja imwagiwe maji ya kutosha na kushindiliwa kwa rola. Rola, si Fuso kupitapita. Ila Fuso iliyobeba inafaa kwa kupima: iendeshe polepole juu ya tabaka lililokamilika, wewe uchuchumae kando uangalie tairi. Ardhi ikinesa hata kidogo, rudia. Uso uwe na mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kwa upana wako wa mita 25 ni zaidi ya sentimita 60 kutoka ukingo hadi ukingo. Inaonekana nyingi kwa macho. Usimruhusu mtu aipunguze.

Juu yake inakuja praimu ya MC-30, yaani lami nyepesi ya kushikisha moramu na lami ya juu, kama lita moja kwa mita ya mraba, ikauke siku mbili. Praimu ina mafuta ya taa ndani yake, kwa hiyo isiwekwe kwenye pipa juu ya moto wa kuni kwa hali yoyote. Baada ya hapo unaweza kuweka lami ya kunyunyizia na kumwagia kokoto mara mbili, na kwa Fuso zako inatosha. Lakini pale semi zinapogeukia sitakushauri lami. Trela likikata kona papo hapo, matairi yake ya nyuma yanakwangua badala ya kuviringika, na yatakung'olea kokoto hata kazi ikiwa nzuri. Hapo mwaga zege au panga vitofali vya pevingi, na eneo lenyewe si kubwa.

Haya ninayokuambia hayakuhusu wewe peke yako. Nimeona viwanja vya shule na vya makanisa, fedha za michango ya waumini, vikimwagwa kwa mtindo huu huu wa pipa na kuni. Anayekuja na bei ya mita ya mraba kabla hajachimba hata shimo moja la kupimia udongo, mpe maji ya kunywa, aende. Jina la mkandarasi liulizieni Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mtakeni aoneshe majibu ya maabara ya moramu na ya kokoto kabla ya malipo ya kwanza. Atasema maabara ni gharama. Waulizeni viongozi wenu kupasua na kurudia kunagharimu kiasi gani. Na mtu anayetia dizeli au petroli kwenye pipa la lami linalochemka "ili ilainike", ondoka hapo kwanza, maswali baadaye. Pipa la namna hiyo hulipuka, na lami ya moto haitoki mwilini kwa maji.

Lami ya zamani isiyo na oili usiitupe; ipasue ndogondogo uichanganye kwenye moramu ya tabaka la chini kabisa. Ile kona ya majaribio ndiyo yenye kazi. Praimu haishiki juu ya oili, kwa hiyo yote ing'olewe pamoja na udongo wake mpaka harufu iishe. Mzigo huo usiupeleke korongoni. Ufunike kwa turubai mahali pa juu, mbali na kisima, na uulize ofisi ya mazingira ya halmashauri pa kuupeleka. Ukianza Juni, mfereji na moramu vitakuwa tayari kabla ya Oktoba.