Wageni wanapita tu bila kuigusa kazi yako?
Ndugu, umeuliza kwa nini watu wanaipita tu kazi yako ya sanaa ya skrini sita na vihisi (vifaa vinavyotambua mtu anapogusa). Nadhani umeijaza mno. Tazama Pulse Room, kazi ya msanii Rafael Lozano-Hemmer ya mwaka 2006: unashika vishikio viwili, kompyuta inasoma mapigo ya moyo wako, balbu iliyo karibu inawakawaka kwa mwendo huohuo. Ukiachia, mapigo yako yanaingia kwenye foleni ya balbu nyingine, na ya zamani kuliko yote yanatoka. Tendo moja, jibu papo hapo.

Wewe bakiza skrini moja. Kisha mwite jirani usiyemweleza chochote, unyamaze (hapo ndipo pagumu!), uangalie mkono wake unakwenda wapi kwanza. Kihisi kiweke hapo.