Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Kurushia na Kurekodi Tukio Mubashara

Swali: Tunataka kujiundia kompyuta ya mezani ya kurushia makongamano mubashara. Tuna kamera tatu za HDMI, laptopu ya slaidi, na sauti kutoka kwenye mikisa. Kila kamera irekodiwe kivyake ili tuhariri baadaye. Fundi anasema fedha nyingi ziende kwenye kadi ya michoro. Ni sahihi?

Jibu: Hapana. Anzeni kwa kuhesabu waya zinazoingia. Mna video nne, na video moja ya 1080p yenye fremu 60 kwa sekunde, kabla haijabanwa, huleta takriban megabaiti 250 kila sekunde. USB ya gigabiti 5 hupitisha kama megabaiti 400 kwa vitendo, kwa hiyo inabeba video moja ya aina hiyo, si mbili. Mkichomeka vinasa viwili (vifaa vya USB vinavyoingiza video ya HDMI kwenye kompyuta) kwenye habu moja, cha pili kitaganda, kitatoa picha nyeusi, au kitashusha ubora bila kuwaambia. Kuhamia tundu jingine si dawa ya uhakika, kwa kuwa matundu kadhaa ya USB huweza kuhudumiwa na kidhibiti kimoja.

Ndiyo maana kwa video nne tunashauri kadi moja ya kunasia yenye HDMI nne, inayokaa ndani kwenye sloti ya PCIe, yaani nafasi ya kuchomekea kadi kwenye ubao mama. Hapo sasa ubao mama ndio wenye neno. Katika bodi nyingi za kawaida, sloti ndefu ya pili huonekana sawa na ya kwanza, kumbe imeunganishwa njia nne tu za kupitishia data, tena kupitia chipu ya bodi ambayo inahudumia pia SSD na USB. Kadi inayotaka njia nane ikiwekwa humo itawaka na kuonekana kwenye programu, na mkijaribu kamera moja mtaridhika. Matatizo huanza siku kamera zote zinapowashwa huku diski nazo zikiandika. Kabla ya kununua, pakueni kitabu cha maelekezo cha bodi na msome jedwali la sloti pamoja na maandishi madogo chini yake, kwa sababu kuna bodi zinazozima sloti au matundu ya SATA (ya diski) pale SSD inapowekwa kwenye nafasi fulani ya M.2. Bodi nzuri kwa kazi hii ni ile inayogawa njia 16 za prosesa kuwa 8 na 8: kadi ya michoro huku, kadi ya kunasia kule. Kadi ya michoro haitapungukiwa na kitu mtakachokiona.

Kuhusu hiyo kadi ya michoro, chukueni ya daraja la kati. Kazi ya kubana video hufanywa na sehemu maalumu ndani yake, na kadi za kizazi kimoja kwa kawaida hubana kwa ubora uleule, ziwe za bei ya kati au ya juu. Muhimu ni idadi ya video zinazobanwa kwa pamoja: matangazo yenyewe, rekodi ya picha iliyochanganywa, kamera tatu na slaidi, jumla sita. Kwenye GeForce, yaani kadi za Nvidia za watumiaji wa kawaida, draiva ndiyo huweka kikomo, na mwaka 2024 kikomo hicho kilipandishwa hadi nane. Kumbukeni pia kwamba OBS, programu ya kuchanganya, kurusha na kurekodi video, peke yake hurekodi picha iliyochanganywa tu. Ili kila kamera ipate faili lake, ongezeni programu-jalizi ya Source Record.

Prosesa ya koa (core) nane na RAM ya gigabaiti 32, vijiti viwili vya 16, zinatosha. Fedha iliyobaki wekeni kwenye diski. Kila video ikirekodiwa kwa megabiti 40 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 18. Mafaili matano (matangazo yenyewe hayahifadhiwi) ni 90 kwa saa, na kongamano la saa nane linakula 720. SSD ya terabaiti 2 iwe ya rekodi tu, tofauti na ile yenye Windows.

Swali: Umeme ulikatika dakika za mwisho za tukio na faili letu la MP4 la saa tatu halifunguki. Lina ukubwa wake kamili. Kwa nini?

Jibu: MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, rekodi inaposimamishwa. Picha zenu zimo, ila kichezeshi hakijui kila fremu inaanzia wapi. Zipo programu za kulikarabati kwa kutumia faili jingine zima lililorekodiwa kwa mipangilio ileile, kwa hiyo msilifute. Kuanzia sasa rekodini kwa muundo wa MKV. Umeme ukikatika mnapoteza sekunde chache za mwisho tu. Kisha OBS yenyewe huibadilisha kuwa MP4 kwa dakika chache bila kubana upya.

Nunueni na UPS, betri inayoshikilia umeme unapokatika. Someni wati zake, si VA (kipimo kingine kinachoandikwa kwenye UPS) pekee, na mchomeke ruta humohumo pamoja na kompyuta. Mara nyingi ruta husahaulika, na matangazo hukatika ilhali kompyuta inaendelea.

Swali: Matangazo yetu yanakwamakwama, lakini prosesa iko asilimia 30 tu. Tubadilishe nini?

Jibu: Msibadilishe kitu kabla ya kufungua dirisha la takwimu la OBS. Kuna hesabu tatu za fremu zinazopotea, na kila moja ina ugonjwa wake.

Zikipotea kwenye mtandao, kompyuta haina kosa. Kama mnarusha kwa megabiti 6, kasi ya kupakia iwe angalau 12 na isiyoyumba, kwa waya, si Wi-Fi. Zikipotea kwenye kubana, mnabana kwa prosesa, au mmechagua mpangilio mzito mno. Hamieni kwenye kadi ya michoro. Zikipotea kwenye kuchora picha, kadi ya michoro yenyewe imezidiwa na kazi nyingine. Hii ndiyo huwachanganya watu, maana prosesa inaonekana imetulia. Punguzeni madirisha ya hakikisho, ondoeni vivinjari vilivyowekwa ndani ya mandhari (scenes) za OBS, na muendeshe OBS kama msimamizi ili Windows iipe kipaumbele.

Zikianza kupotea baada ya saa moja au mbili, pimeni joto. Kadi za kunasia nyingi hupozwa kwa hewa ya ndani ya kasha tu. Zikibanwa chini ya kadi ya michoro huchemka. Wekeni feni inayopuliza upande huo.

Swali: Sauti inatangulia midomo. Tuicheleweshe kiasi gani?

Jibu: Pimeni, msikisie. Mtu apige makofi mbele ya kamera, mrekodi, kisha mhesabu fremu kati ya mlio na viganja kukutana. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 33. Zikiwa tatu, ucheleweshaji wa sauti ni milisekunde 100. Rudieni kwa kila kamera, kwani hazilingani.

Pengo likiongezeka kadiri muda unavyokwenda, hilo ni jambo jingine: mara nyingi kifaa kimoja kiko kwenye kilohezi 44.1 na kingine 48. Wekeni vyote 48, mikisa, Windows na OBS.

Swali: Kamera zinaonekana vizuri, ila laptopu ya mzungumzaji ni nyeusi tupu.

Jibu: Huenda inatuma HDCP, ulinzi wa kuzuia kunakili, au ukubwa wa picha ambao kadi haiupokei. Wekeni laptopu kwenye 1080p na fremu 60 kwanza. Ikibaki nyeusi, fungeni programu yoyote ya filamu au muziki wa kulipia, kisha mchomoe HDMI na kuirudisha. Fanyeni hivyo na kila laptopu itakayotumika, ukumbi ukiwa bado mtupu.