Bosi Akikuita 'Bloody', Usikimbilie Kununa

Juzi dada mmoja aliyekuja Uingereza kuhudumia wazee kaniandikia: "Kaka, bosi kaniita bloody genius mbele ya watu. Genius naijua, ni sifa. Hilo la mbele ni tusi. Nikashitaki?" Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana na mimi yalinikuta.

Babu yangu alikata mkonge Tanga enzi za Mwingereza, akatoka huko na Kiingereza cha neno moja: bladifuli. Ukimwaga maziwa, bladifuli. Mbuzi akiingia shambani, bladifuli. Kwa hiyo wiki yangu ya kwanza Leeds, mzee niliyemhudumia alipoonja chai akasema "bloody lovely", nilitua sinia kwa kishindo nikatoka nje. Mzee wa watu kabaki kaduwaa, kikombe mkononi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenitoa tongotongo. Bloody likitangulia sifa ni "haswa": bloody cold, baridi haswa. Bloody fool ni mjinga wa kutupwa, ila sikiliza sauti, huenda ni utani. Bloody hell ni "Mungu wangu" ya mtu aliyeona bili ya umeme. Wengine hulipachika hadi katikati ya neno: abso-bloody-lutely! Waaustralia wanalo kama chumvi, Wamarekani hawana habari nalo sana. Na halikuwa jepesi hivi tangu zamani. Mwaka 1914 Eliza, msichana katika tamthilia ya mwandishi Bernard Shaw, alipolitamka jukwaani London, yalizuka makelele hadi magazetini.

Basi nikajiona mwenyeji. Kwenye usaili wa usimamizi, mbele ya watu watatu, nikatamka kwa kifua mbele: "I'm bloody hardworking." Mama aliyekaa katikati akavua miwani. Cheo kapewa kijana niliyemfundisha mimi kumwinua mgonjwa bila kujiumiza mgongo. Mpaka leo inaniuma, sifichi.

Kwa hiyo vijana wenzangu mnaotaka kupanda vyeo huku, nisikilizeni. Lielewe, lichekee, ila lisitoke kinywani mwako. Usiliseme kazini. Usiliseme mbele ya watoto wa watu. Usiliseme kanisani. Kazini nimeshataja? Narudia: kazini.

Nawe dada, usishitaki, umesifiwa. Mimi siku ile ya sinia, jioni yake nilirudi kwa yule mzee kumwomba radhi. Akaniuliza kama chai bado ipo kwenye birika.