Kabla hujachomoa stiki

Mwaka wangu wa kwanza gereji nilipewa Subaru Forester niimwage oili. Nikaingia chini, nikaona nati, nikafungua. Kilichotoka hakikuwa cheusi kama nilivyozoea, kilikuwa na wekundu uliofifia, nikajisemea mwenye gari hii anajitahidi. Nikafunga nati, nikabadili filta, nikamimina lita 4 mpya juu. Gari ilipowashwa moshi ulijaa ua mzima mpaka mama ntilie wa ng'ambo akafunika masufuria yake. Kuwekwa D, haikutikisika. Nilikuwa nimemwaga haidroliki, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, na injini iliyokuwa bado na oili yake yote ya zamani nimeiongezea lita 4.

Fundi mkuu hakufoka. Alifuta stiki ya kupimia oili ya injini kwa tambara, akaichomeka, akaichomoa, akanionyesha oili ilivyopanda juu kabisa ya alama. "Dogo, nati ikishafunguliwa na oili ikaisha, stiki inatakiwa itoke kavu. Ungeichomoa kabla hujamimina, si ungejua umemwaga nini?"

Kwa hiyo ninyi mnaoanza sasa, awe ametoka VETA Chang'ombe na cheti chake au ameletwa na mjomba asubuhi moja na kuambiwa "kaa hapa ujifunze", nataka tuzungumze kupima tu. Kazi hii inadharauliwa. Anapewa mgeni kwa kuwa haitaki nguvu wala spana. Lakini alama iliyoko kwenye stiki haina maana peke yake. Aliyeichora alishaamua gari isimame vipi, iwe ya moto kiasi gani, na injini iwe inanguruma au imezimwa. Ukibadili kimojawapo, unasoma kitu kingine kabisa.

Anza na pale gari iliposimama. Gereji nyingi za hapa Dar hazina sakafu, tunafanyia kazi kwenye mchanga chini ya mwarobaini. Ua wetu unashuka kuelekea bonde la Msimbazi. Gari ikiegeshwa pua chini, stiki inasoma pungufu au zaidi kulingana na upande ambao sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imelalia. Tuna kipande kimoja tu kilicho sawa, karibu na geti, na oili inapimiwa hapo hata kama foleni ya gari imefika barabarani. Kwenu kikitafutwa hakikosekani. Kisipopatikana, kituo cha mafuta cha jirani kina sakafu.

Injini iwe imepata moto, izimwe, isubiriwe dakika 5 hadi 10 ili oili iliyoko juu ishuke kwenye sampu. Chomoa, futa, chomeka mpaka mwisho, chomoa tena. Mchomoo wa kwanza ni wa kusafishia tu, usiusome, kwa sababu stiki imerukiwa na oili gari ikiwa njiani. Angalia pande zote mbili za stiki. Upande mmoja ukisoma juu kuliko wa pili, amini ule wa chini, kwani huo mwingine umeparuza oili kwenye ukuta wa bomba. Kati ya alama ya chini na ya juu kwa gari nyingi ndogo ni kama lita 1. Passo ya silinda tatu, oili yake yote ni lita 3 hivi. Ikisoma chini ya alama ya chini, theluthi ya oili haipo. Ongeza kidogo, subiri, pima.

Kuna kitu ambacho chuoni hawakifundishi. Gari hizi zimepita mikono mingi, na stiki nyingine si yake. Iliyopotea ilinunuliwa nyingine Gerezani, ikaingia kwenye tundu, ikaonekana sawa, kumbe ni ndefu au fupi kuliko ile ya asili. Ukiitilia shaka, subiri siku ya kumwaga oili. Weka filta mpya, mimina kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, washa, zima, subiri, kisha chomoa. Oili ilipofika ndiyo alama yako ya juu, hata kama stiki inadai vingine. Piga alama ndogo ya tupa hapo.

Rangi isikutishe. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi baada ya safari chache tu, na weusi wake ni dalili kwamba inabeba masizi inayotakiwa kubeba. Ogopa oili iliyofanana na chai ya maziwa: hapo maji au kulenti, ile ya kupozea injini, imeingia, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Ogopa pia oili iliyopanda yenyewe. Mgeni anaona imezidi, anafurahi, anasema gari hii haili oili. Oili haizaliani. Imepanda kwa sababu kuna petroli au dizeli inashuka ndani yake, na sasa imekuwa nyepesi. Inusie stiki. Mazda CX-5 za dizeli wameweka kabisa alama ya X juu ya alama ya kujaa kwenye stiki, na oili ikifika pale inamwagwa bila mjadala. Gari ya namna hii inateseka kwa foleni zetu: kutoka Mbezi mpaka Posta inakanyaga breki tu, chujio la masizi halipati nafasi ya kujichoma vizuri, na dizeli ya kuchomea inaishia kwenye sampu.

Kuzidisha nako si ukarimu. Oili ikizidi sana inaguswa na kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapigwa mpaka inatoa povu, na pampu ikivuta povu inasukuma hewa. Vyuma vinakosa oili ndani ya injini iliyojaa oili. Forester yangu ingewashwa dakika kumi nisingekuwa na kazi leo.

Halafu ile taa nyekundu ya kopo. Wateja wengi wanaamini ni taa ya kuwaambia oili imepungua waongeze. Kwenye gari nyingi taa ile inasoma presha, si kiwango. Ikiwaka ukiwa juu ya Daraja la Mfugale, injini imeshaanza kusagika kavu. Mwambie mteja azime pale pale, aite breki dauni. Asijiambie atafika Tabata taratibu. Nimepokea injini zilizonoki ambazo wenyewe waliniapia taa iliwaka "kidogo tu".

Mbili tatu za haraka kuhusu gari za siku hizi. Haibridi kama Prius au Aqua uzime kabisa, maana taa ya READY ikiwa inawaka injini inaweza kujiwasha mikono yako ikiwa ndani. BMW nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hazina stiki ya oili, kiwango kinasomwa kwenye skrini, injini ikiwa ya moto na gari ikiwa sawa. Usimimine kwanza ukategemea skrini ikurekebishe. Na oili nyepesi ya 0W-20 usiibadili kwa nzito ya 20W-50 eti Dar kuna joto. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa vali, inaendeshwa na oili inayopita kwenye vijia vyembamba, na nzito inachelewa kufika. Injini iliyochoka sana ni habari nyingine, hiyo uamuzi wake mwachie fundi mkuu.

Sasa gia boksi, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kwenye Toyota za zamani zenye stiki ya gia boksi, unapima injini ikinguruma kwenye sailensi, bila kukanyaga mafuta, gia boksi ikiwa ya moto, baada ya kupitisha gia zote kutoka P mpaka L na kurudi P. Unasoma kwenye alama ya HOT. Injini lazima iwe imewaka kwa sababu pampu inajaza toki konveta na vijia vyote. Ukizima, haidroliki inashuka na stiki inasoma uongo. Mkishalishika hilo, anakuja mteja na Honda. Honda inataka kinyume: ipate moto, uizime, usubiri sekunde 60, na ukimalize kipimo kabla ya sekunde 90. Mimi nilidhani mwenzangu ananitania mpaka nilipokisoma mwenyewe.

Subaru za gia nne zina stiki mbili huko nyuma, moja ya haidroliki na nyingine ya difu ya mbele, kila moja na oili yake. Ukimimina haidroliki kwenye difu, hakuna atakayejua mpaka difu ianze kulia.

Gari mpya nyingi zimeondoa stiki ya gia boksi. Mercedes za miaka ya mwisho ya 1990 ziliacha bomba lenye kifuniko bila stiki ndani. Stiki ni kifaa cha gereji. Toyota zinazotumia haidroliki aina ya WS, na CVT nyingi, yaani gia boksi za mkanda na puli, zina nati chini yenye kibomba ndani. Gari inanyanyuliwa magurudumu yote manne ikiwa sawa, inawashwa, gia zinapitishwa, na joto la haidroliki linasomwa kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Likiwa kama digrii 35 hadi 45, kutegemea modeli, nati inafunguliwa. Ikitiririka, imezidi, iache mpaka itone polepole. Isipotoka kitu, imepungua.

Digrii hizo zilinichukua muda kuzielewa kwa hali ya hewa yetu. Haidroliki inatanuka ikipata joto. Gari iliyotoka kwenye foleni ya Mwenge gia boksi yake imepita digrii 80, ukifungua nati inamwagika nyingi, unafunga ukijua umepunguza iliyozidi, kesho asubuhi gari inachelewa kuingia D. Na Januari saa nane mchana, gari iliyolala uani tangu asubuhi inaanza na digrii 32 au 33 kabla hujaiwasha. Dakika chache tu umeshapita kipimo. Kwa hiyo kazi hii ifanyike saa moja asubuhi, mashine imeshachomekwa, nati imeshalegezwa.

Kama gereji yenu haina mashine, msidanganye. Gia boksi haivuji na mteja anataka haidroliki mpya tu? Imwageni ikiwa ya baridi kwenye chombo chenye vipimo, na kiasi kilichotoka ndicho kirudi, mililita kwa mililita, kwa haidroliki mpya ya aina ileile iliyoandikwa. CVT ya Nissan inayotaka haidroliki aina ya NS-2 usiipe haidroliki nyekundu ya kawaida. Mle ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli, na haidroliki ndiyo inayofanya usiteleze. Ikiwa inavuja, mpeleke mteja kwenye mashine, hata kama ni gereji ya mshindani wenu.

Mtasikia pia kwamba haidroliki ni "ya maisha". ZF, wanaotengeneza gia boksi za BMW na Land Rover nyingi, wao wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Lakini gia boksi ambayo tayari inateleza na haidroliki yake inanuka kuungua, mwambie mteja ukweli kabla hujagusa: mpya haitaiponya. Ukinyamaza, ikifa mikononi mwako umeiua wewe.

Masika ikianza, wale waliopita Jangwani maji yakiwa juu ya ekseli wanakuja wiki moja baadaye. Gia boksi ina kitundu cha kupumulia, na maji yanaingilia hapo. Haidroliki ikiwa ya pinki kama mtindi wa matunda, usiwashe tena. Rangi hiyohiyo mtaiona hata kwenye gari isiyoyajua mafuriko, kwa sababu kwenye rejeta nyingi haidroliki inapoozwa ndani ya tangi la maji, na ikitoboka humo vinachanganyika. Kagua kulenti kwa macho, fungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya baridi: kuna mafuta juu?

Kesho wahi kabla bosi hajafika. Zunguka gari zote zilizolala uani, fungua boneti, andika kwenye daftari ipi ina stiki ngapi na za nini. Ile Harrier ya kona, ukishaitafuta stiki ya gia boksi dakika tano hujaiona, acha. Haina.