Kipandikizi kinachong'aa na cha kijivu: mfupa unapenda kipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea udaktari wa meno. Tumeonyeshwa vipandikizi viwili vya titani, yaani skrubu zinazopandwa kwenye mfupa wa taya ili zishike jino bandia; kimoja kinang'aa, kingine cha kijivu na kinakwaruza. Mwalimu alisema cha kijivu hushikana na mfupa mapema, lakini nimesoma kwamba seli za mfupa huongezeka zaidi kwenye uso laini. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika yote mawili, ila tenganisha idadi ya seli na kazi yake.

Osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, zikiwekwa maabara juu ya titani laini hujitandaza na kuendelea kugawanyika. Kwenye uso wenye vilima na mabonde ya kiasi cha mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) hugawanyika kidogo, lakini hukomaa mapema: ukipima utakuta alkali fosfatasi na osteokalsini, protini zinazoonyesha seli inajenga mfupa, zimepanda. Mafundi watano walioshika mwiko watapandisha ukuta kabla ya kumi ambao bado wanaitana kazini. Ukihesabu seli tu, utachagua kipandikizi kibaya.

Tena, seli haigusi titani tupu. Titani ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache. Damu ikifika, protini kama fibronektini hunata hapo, na seli huzishika kwa vipokezi vyake, integrini. Mabonde hushikilia pia nyuzi za damu iliyoganda, na seli huzipanda hadi kwenye kipandikizi chenyewe. Hivyo mfupa huanzia pale pale, hausubiri kusogea kutoka kwenye kuta za tundu lililotobolewa kwenye taya.

Ule ukijivu hutokana na kupigwa chembe ngumu za alumina (oksidi ya alumini) kwa shinikizo, kisha kuchovywa kwenye asidi. Vipandikizi vya Brånemark wa Sweden, mwanzilishi wa vipandikizi vya titani vya meno, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, vilichongwa kwa mashine tu. Taya la chini lilisubiri takribani miezi 3 kabla ya kuwekewa jino, la juu 6. Nyuso za kijivu zimeshusha muda huo hadi wiki 6 hivi, mfupa ukiwa mzuri.

Usikwaruze kupita kiasi, lakini. Ukwaruzo wa wastani wa mikromita 1 hadi 2 unatosha. Uso mkali zaidi, ukiwahi kufikiwa na utando wa bakteria, kuusafisha ni taabu tupu. Ndiyo maana shingo ya kipandikizi, panapopita fizi, mara nyingi huachwa laini.

Na usifungue pakiti mapema. Titani ikikaa hewani hukusanya uchafu wa kaboni na kuanza kukataa maji, kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huifungia ndani ya maji ya chumvi.